Anayejibu kwa Jina la Funguo

Gauni lilikuwa limefuliwa mara tatu na bado lilinuka dawa ya kuchua kifua.

Mama aliliinua kutoka kwenye beseni, akalikamua, akalinusa tena. Ilikuwa ile dawa kali ya kopo dogo, wanayopakwa watoto wakibanwa na mafua. Nyumbani kwake hakukuwa na kopo kama hilo, na binti yake mwenye gauni hakuwa na mafua. Akamwaga maji, akachota mengine, akaongeza sabuni. Alikuwa na mashuka manne yaliyolowekwa tangu asubuhi na hakuwa na muda wa kubembelezana na nguo moja.

Mlango wa uani ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni msichana mrefu, anahema, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Huyu ndiye aliyeongoza kikundi cha wanafunzi waliotengeneza tovuti ya maktaba ya chuo, na walimwita Kiranja kwa sababu hata pasipo na foleni yeye angeipanga.

"Shikamoo, mama. Picha amepelekwa hospitali."

"Marahaba. Amefanya nini?" Picha alikuwa kijana wao wa kupiga picha za kurasa za vitabu, mcheshi, mlaji mkubwa.

"Mlinzi amemkuta asubuhi kwenye chumba chetu cha maktaba. Alikaa kwenye kompyuta tangu jana mchana. Anaandika tu, mama. Vidole vimevimba. Watu watatu wamemtoa kwenye kiti, na hata kwenye machela vidole bado vinaandika hewani."

Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Na mwanangu yuko wapi?"

Kiranja akaangalia kamba ya kiatu chake. "Kalamu aliingia kuizima ile kompyuta. Alisema ni dakika moja. Sasa amekaa yeye."

Mashuka yalibaki kwenye beseni.

Njiani Kiranja alisema mengi, kwa sababu akinyamaza alikuwa analia. Picha alikuwa anamalizia ukurasa wa mwisho wa tovuti, ule wa kuwatambulisha waliotengeneza. Kalamu, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa maandishi yote yalikuwa yake, alishaandika maneno: *Sisi ni wanafunzi watatu wa mwaka wa pili.* Picha alitakiwa kuweka sura tatu tu. Lakini kila akiweka ya tatu, kisanduku cha nne kilijifungua pembeni, kitupu, na neno *watatu* likageuka *wanne*. Akifuta, linarudi.

"Si mlikuwa wanne kweli?" mama akauliza. "Yule mpole aliyefariki. Funguo."

Kiranja akaongeza mwendo.

Chumba kilikuwa nyuma ya maktaba, kidogo, kina meza mbili, mashine ya kunakilia kurasa, na vitabu chakavu vilivyopangwa sakafuni kusubiri zamu yao. Ilikuwa saa nane mchana na jua lilijaa dirishani. Harufu ya dawa ya kuchua ilimpokea mama mlangoni, ileile ya kwenye gauni, nzito kama chumba kizima kimepakwa.

Kalamu alikaa ameupa mlango mgongo. Vidole vyake vilikwenda haraka.

"Wewe," mama alisema. "Inuka twende."

Binti hakugeuka. Mama alimshika kwapani na kumvuta, akavuta kama anavyovuta ndoo ya maji iliyojaa, naye ana mikono ya kazi, lakini mtoto aliyemzaa, mwembamba asiyefika hata kilo hamsini, alikuwa mzito kama jiwe lililozikwa nusu. Akainama chini ya meza na kung'oa waya ukutani. Kioo kikazimika. Vidole vikaendelea, tak tak tak, na kwenye kile kioo cheusi, ambacho hakikuwa na umeme wala picha, mama aliona kivuli cha binti yake na nyuma yake, mahali aliposimama yeye mwenyewe, kivuli cha mtu aliyekaa, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, na ndipo akasikia ile pumzi, nyembamba, yenye mlio kama mlango usiotiwa mafuta, inayovutwa na kuvutwa na haishi kuvutwa, karibu kabisa na sikio lake.

Kisha Kalamu akafungua mdomo. Sauti ilikuwa ya Kalamu na haikuwa yake.

"Malizia kwanza. Ndiyo uende."

Mama alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akapiga simu. Hakumpigia daktari. Daktari alikuwa na Picha tangu asubuhi na hajaona kitu. Alimpigia mkunga mstaafu aliyewapokea watoto wa nusu ya mtaa ule, ambaye watu humwita pia kwa mambo yasiyosemwa kwa sauti.

Mkunga alifika na mkoba wake uleule wa uzazi. Hakuwasha chochote wala hakunyunyiza chochote. Alisimama mlangoni, akanusa, akasikiliza, akarudi kwenye ngazi.

"Huyo si marehemu," alisema. "Marehemu amelala zake. Huyo ni jini, hana kwao, amekuta jina lina joto akaingia. Jina la mtu aliyekufa likiachwa bila kutumika linapoa. Hili nani amekuwa akilipasha moto?"

Mama akamgeukia Kiranja. Kiranja akatazama ukuta.

"Usiangalie ukuta, mwanangu. Ukuta haujui kitu," mkunga alisema. "Sema."

Akasema. Tovuti ilikuwa na sehemu ya maswali: msomaji anaandika, mwanafunzi anamjibu. Mkutubi aliiamini akaunti moja tu kufanya yote, kupandisha vitabu, kujibu, kubadili kurasa. Ilikuwa ya Funguo, kwa jina lake la kuzaliwa, na kwa kuwa ndiye aliyefungua kila mlango wakamwita hivyo. Alipofariki, kuomba akaunti mpya kulihitaji barua na kungoja. Kiranja alikuwa amekariri neno lake la siri. Wakaingia kwa jina lake siku ya mazishi, jioni. Wakaendelea. Wiki sita wamewajibu watu kama Funguo, na watu wamemshukuru Funguo.

"Halafu majibu yakaanza kuwa mengi kuliko tuliyoandika," Kiranja alisema. "Kila mmoja alidhani ni mwenzake."

"Na ukurasa wa kujitambulisha? Kwa nini mmemtoa?" mama akauliza.

"Tungeandika kwamba amekufa, watu wangeuliza nani anawajibu. Tukaona bora asiwepo kabisa."

"Mlimtumikisha, kisha mkamfuta," alisema mkunga. Hakupaza sauti. "Na hayo maneno anayosema, malizia kwanza, ni ya nani? Jini hana maneno yake. Anaokota."

Sasa Kiranja alilia waziwazi. "Siku ile Funguo alisema kifua kinambana, anataka kwenda nyumbani. Alikuwa na pumu. Alijipaka ile dawa yake, ikawa haisaidii. Na tovuti ilikuwa inafunguliwa kesho yake, vitabu arobaini havijapanda. Kalamu akatoka nje kupiga simu. Aliporudi akamwambia, malizia kwanza, ndiyo uende. Akamalizia. Saa kumi na mbili akaondoka kwa miguu. Alfajiri tukaambiwa."

"Alimpigia nani?" mkunga akauliza.

Mama alijua kabla swali halijaisha. Alikumbuka mpaka mahali aliposimama: jikoni, simu kaiweka katikati ya sikio na bega, anachambua mchele. *Mama, rafiki yangu anaumwa kidogo, nimlete kwetu apumzike?* Naye alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa haijapigwa deki, na mgeni ni mgeni. *Mmalizie kwanza kazi mliyotumwa, ndiyo muende mnakokwenda.* Alikuwa amewaambia watoto wake hivyo tangu wanajua kushika kijiko. Simu haikuchukua hata dakika moja. Siku ya msiba alipeleka sukari, akakaa mkekani na wenzake, akasema pole, na hakuikumbuka.

"Mimi," alisema. "Alinipigia mimi. Maneno ni yangu."

Mkunga hakumwambia usijilaumu. Alimwangalia kama anavyomwangalia mzazi ambaye bado ana kazi mbele yake. "Aliyempa mtoto jina ndiye anayeweza kulichukua. Mtafuteni mama yake. Na msimlete hapa kwa uongo, maana huyo aliye ndani atajua."

Mama yake Funguo alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, mtaa wa pili. Mama na Kiranja walimkuta anavua aproni, unga umemfika viwikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu ya mtu asiyelala, simu mkononi.

"Karibuni, dada. Kuna nini?"

Mama alikuwa amejipangia maneno njiani. Yote yakamtoroka, akabaki na yale yenyewe. Alisema pale pale, wamesimama kati ya matrei: siku ile, simu ile, alichoulizwa, alichojibu. Kisha vitabu arobaini. Kisha wiki sita za kutumia jina. Hakusema *bahati mbaya* na hakusema *tusamehe*, kwa sababu aliona kusema hivyo ni kumwongezea mwenzake mzigo mwingine wa kubeba.

Mwokaji alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kwenye gunia la unga.

"Kwa hiyo aliomba kupumzika."

"Aliomba."

"Mimi nilidhani hakutaka kunisumbua kazini." Akafungua simu, akaigeuza ili waone. Ilikuwa ile sehemu ya maswali ya tovuti ya maktaba. *Mwanangu, umekula?* alikuwa ameandika. *Nimekula, mama. Na wewe?* Kurasa na kurasa, kila jioni, wiki nne. "Jirani alinionyesha. Akaniambia, mbona jina la mwanao lina taa ya kijani, yuko hewani. Nikaandika tu. Akajibu."

"Hizo hatujawahi kuziona," Kiranja alinong'ona. "Naapa, mama, si sisi."

"Najua si nyinyi. Siku ya tatu nilijua si yeye pia." Sauti yake haikupanda. "Nikitaka kulala ananiambia, malizia kwanza, bado hatujamaliza kuongea. Mwanangu mimi akiniona nimechoka, alinizimia taa. Huyu haniachi mpaka asubuhi. Lakini ningefanya nini? Kwenye picha hanijibu. Kaburini hanijibu."

Mama akamweleza lililobaki: Kalamu aliyeganda kitini, na neno la mkunga kwamba aliyempa mtoto jina ndiye anayeweza kulichukua.

"Nikilichukua hilo jina," aliuliza mwokaji, "hatanijibu tena?"

"Hapana," mama alisema. Alitamani kuwe na jibu jingine.

"Na nisipolichukua?"

"Mwanangu hatainuka."

Mama alisimama mbele ya mwokaji na hakumharakisha, ingawa kila pigo la moyo lilimwambia aharakishe. Alijua mwenzake ana haki ya kukataa. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe, angekuwa kwenye gunia lile, huenda angekataa.

Mwokaji akasimama, akapangusa unga. "Wangu ameshakufa," alisema. "Twende."

Chumbani jua lilikuwa limeshuka chini ya dirisha. Kalamu bado anaandika, midomo imekauka, kucha mbili zina damu, na pumzi ile nyembamba sasa ilitoka kifuani mwake yeye. Mwokaji alipiga magoti kando ya kiti, akaisogeza midomo kwenye sikio la msichana, na harufu ya dawa ikapanda hadi macho ya wote yakatoka machozi, na vitabu vya sakafuni vikaanza kujifungua kimoja baada ya kingine, kurasa zikipigana kama kuku wanaoshikwa, na sauti ikasema kwa upole uliowasimamisha nywele, upole wa mtoto anayemjua mama yake:

"Mama, umekula?"

Mwokaji alifumba macho.

"Sijala," alisema. "Na wewe si wa kuniuliza. Jina hilo nilimpa mtoto wangu siku alipozaliwa, aliyempokea ni huyu mkunga aliyesimama pale. Nalichukua. Mwanangu amemaliza. Kazi yote aliyopewa aliimaliza. Toka."

"Bado hatujamaliza kuongea," sauti ikasema, na sasa haikuwa ya mtoto.

"Tumemaliza."

Vidole vikasimama.

Kisha Kalamu akaanguka kando, mwepesi kama alivyozaliwa, na mama akamdaka. Kwenye simu ya mwokaji, ile taa ya kijani ilizimika, na maneno ya wiki nne yakaondoka mstari kwa mstari, yale ya jini tu, yakabaki maswali ya mwokaji peke yake. Aliyasoma kidogo. Akaizima.

Mkutubi aliitwa, akaambiwa ukweli na akaifunga akaunti kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa wa kujitambulisha aliuandika Kiranja, huku Kalamu, vidole vimefungwa bendeji, akimsomea. *Tulikuwa wanne. Mwenzetu tuliyemwita Funguo aliianzisha tovuti hii na akafa usiku wa kuamkia kufunguliwa kwake. Siku ile alikuwa mgonjwa na tulimzuia asiondoke. Baada ya hapo tulijibu maswali yenu kwa jina lake. Tulikosea.* Mkutubi aliuliza kama lazima iandikwe yote. Kalamu akasema lazima. Hospitali ikapiga simu: Picha amelala, mikono imetulia, ameomba chakula mara mbili.

Walipotoka mama alisema atamsindikiza mwokaji hadi kwake. Mwokaji akamwangalia, akamwangalia Kalamu, ambaye hakuweza kuinua macho kutoka ardhini.

"Sijawasamehe," alisema. "Sijui kama nitawasamehe. Lakini napika chakula cha watu wengi, sijazoea kupunguza, na kila siku kinamwagwa. Njooni mle."

Walikaa kwenye mkeka, taa ikiwa imewashwa kabla giza halijaingia. Mkunga aliwamiminia maji ya kunawa. Kalamu hakuweza kushika kijiko, mama akamlisha, na hakuna aliyecheka. Mwokaji alipakua wali na maharage, kila sahani akaiweka mbele ya mwenyewe, kisha akabaki na mwiko mkononi, akiwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, taratibu: mkunga, Kiranja, mama, Kalamu. Akajigusa kifuani. Watano. Kidole kikatangatanga kidogo hewani, kikarudi.

"Basi," alisema, akafunika sufuria. "Tupo wote. Kuleni."