Samaki wa Hanna

Haya yalimpata rafiki yangu Sumari, wa kule Sekei. Mkewe Hanna alipofariki, nyumba nzima ikabaki yeye na tangi la samaki wa marehemu.

“Shemeji, kwa uvivu wako huo wa kubadilisha maji utawaua,” Nancy, mdogo wake Hanna, alimtania.

“Nani awaue? Naunganisha mpira na bomba, maji safi yaingie tone kwa tone, machafu yatoke yenyewe.”

Akaunganisha. Jioni umeme ukakatika, na maji nayo yakakatika. Gizani akasikia: ti, ti, ti. Akapapasa mdomo wa mpira, mkavu. Sauti ikaendelea, pale kwenye kioo ambapo Hanna alizoea kugonga kwa ukucha kuwaita samaki waje kula.

Akawasha tochi ya simu. Samaki wote walikuwa kwenye kona ile, wanakula chakula ambacho yeye hakuwapa.