Fundi Makochi Aleta Kambi Nyumbani

Karakana ya Fundi Makochi ilikuwa sebuleni kwake. Ukifungua mlango tu, unapiga chafya kwa vumbi la sponji. Wageni walikaa kwenye makochi ya wateja. Mengine hayana miguu, mengine hayana mgongo. Mkewe alishona vitambaa kwa cherehani karibu na dirisha. Binti yao wa miaka tisa, Kitindamimba, akitoka shule aliokota misumari kwa sumaku. Na Bibi, mama yake Fundi, alikaa pale anapoona kila kitu, akatoa maoni bila kuulizwa.

Fundi alikuwa mtu mwema, ila mdomo. Mkasi ukipotea, alifoka. Mkasi ukionekana, alifoka kwa nini ulipotea. Kitindamimba akikosea jambo, hakuthubutu kumwambia baba. Alijificha nyuma ya marobota ya sponji, akamtuma mama. "Mama, mwambie baba..." Hilo lilimuuma Fundi, ingawa hakulisema.

Basi kanisa lao likaandaa kambi ya siku nne. Fundi akaenda. Siku ya tatu alilia mpaka akaazima leso ya Kinyozi, aliyelala kitanda cha jirani. Akamwomba Mungu amponye ulimi.

Aliporudi, hata begi hakulitua. Alipiga magoti mbele ya binti yake.

"Mwanangu, nisamehe. Sitakufokea tena."

Kitindamimba akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Ndipo mtoto akamkumbatia baba shingoni.

Fundi angeishia hapo, ingekuwa vizuri. Lakini alitaka kambi yote ihamie nyumbani.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, filimbi ililia: priii! Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Yuko wapi huyo mwizi?"

"Hakuna mwizi, mama. Ni ibada."

"Ibada gani inaanzishwa na refa?"

Ukutani palikuwa na ratiba. Kwanza nyimbo. Kisha sura kumi za Neno. Kisha vikundi.

"Mama, wewe uko kikundi cha pili. Ndiwe katibu."

Bibi akaisoma ratiba kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. "Na chai ni saa ngapi? Siioni."

Fulana ya kambi aliivaa kila siku. Mkewe alipotaka kuifua, aliishika kwa mikono miwili.

"Ukiifua, moto utaondoka."

"Baba watoto, kinachoondoka hapa ni majirani."

Wiki ya pili Fundi alianza kusinzia kazini. Alipigilia kitambaa cha kochi zima, upande wa ndani ukiwa nje. Wiki ya tatu alifungua Neno, asisikie kitu. Hakulia. Hakusisimka. Akaingiwa na hofu. Labda Mungu alibaki kulekule kambini.

Njiani akakutana na Kinyozi.

"Bado unawaka, ndugu yangu?" Kinyozi aliuliza.

"Kama tanuri! Wewe je?"

"Mimi? Moshi huuoni?"

Wakaagana upesi, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Siku hiyohiyo Kitindamimba alimwaga chai juu ya kitambaa kipya. Fundi akafoka. Alifoka kwa sauti yake ya zamani, yote, haikupungua hata kidogo. Mtoto akakimbilia nyuma ya marobota. Sauti ndogo ikatoka huko:

"Mama, mwambie baba kambi yake imeisha."

Fundi akaibandua ratiba ukutani. "Mambo haya si ya watu kama mimi," alisema.

Hapo akabisha hodi Mkunga, jirani yao anayezalisha wanawake zahanati. Alifuata kochi lake kwa mara ya nne. Kochi lilikuwa springi tupu. Akakaa hivyohivyo, springi zikamrusha.

"Fundi, nilileta kochi la kukalia, si la kurukia." Kisha akauona uso wake. "Kulikoni? Kuna msiba?"

"Moto umezima," Bibi akajibu, akasimulia yote, hata yale ambayo mwanawe alimkonyeza ayaache.

Mkunga hakumcheka. "Fundi, mtoto akizaliwa, ndugu hupiga vigelegele mpaka tunawatoa nje. Vigelegele vikikoma, mtoto amekufa?"

"Hapana."

"Basi acha kulilia vigelegele. Mtoto anataka kunyonya. Kidogo leo, kidogo kesho. Wewe umempa sufuria nzima ya viazi."

"Ndiyo maana kacheua," Bibi akasema.

"Zile sura kumi, unakumbuka nini?" Mkunga akauliza.

Fundi akafikiri. "Majina ya watu. Mengi."

"Soma mistari mitano, saa ambayo uko macho. Jiulize inakutaka ufanye nini leo, hapahapa kwenye misumari. Kisha sema na Mungu ukweli. Kama umekasirika, mwambie umekasirika."

"Na nisiposikia kitu moyoni?"

"Mimi kuna siku nasoma nasikia njaa tu. Nasoma hivyohivyo. Na hawa wa nyumbani waalike, usiwapulizie filimbi."

"Na nikifoka tena?"

"Utafoka. Mtoto akijifunza kutembea huanguka. Hatumrudishi tumboni! Omba msamaha siku ileile, uendelee. Halafu usitembee peke yako. Ulikuwa na nani kambini?"

"Kinyozi. Lakini yule anawaka."

"Nenda kamwambie ukweli."

Kwanza Fundi alikwenda nyuma ya marobota. "Nimekufokea. Nimekosa. Nisamehe," alisema. Mtoto hakutoka.

Kisha akaenda kwa Kinyozi. "Ndugu yangu, nilikudanganya. Nimepoa kabisa."

Kinyozi akazima mashine, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Ashukuriwe Mungu! Nilidhani ni mimi peke yangu!"

Wakapatana. Kila Ijumaa wakifunga kazi, Kinyozi angemuuliza Fundi, "Umesoma? Umefoka?" Na Fundi angemuuliza Kinyozi, "Umesoma? Umesengenya?" Kisha wangeombeana.

Fundi akaanza na mistari mitano baada ya chai. Mkewe akajiunga. Bibi naye akaja, akauliza maswali magumu mpaka Fundi akawa anayapeleka kwa mwalimu wa kanisa kila Jumapili. Wiki ya kwanza alifoka mara tatu, akaomba msamaha mara tatu. Baadaye, hasira ikipanda, alitoka nje, akaomba maneno mawili matatu, akarudi. Wapita njia walidhani anatazama mvua.

Mwezi wa tatu tangu kambi ulikuwa unaisha. Mchana mmoja Kitindamimba alikuja moja kwa moja mpaka kwa baba yake. Hakupitia kwa mama.

"Baba."

Cherehani ikanyamaza.

"Baba, nimemwaga gundi. Kopo zima. Juu ya kiti cha mwalimu mkuu, kile alicholeta kushonwa."

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akatoka nje. Akarudi.

"Umeumia?"

"Hapana. Lakini Bibi ndiye aliyeniambia nifungue kopo."

"Mimi simo!" Bibi akasema, akainuka aende zake.

Kiti cha mwalimu mkuu kikainuka naye.

Fundi na binti yake walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Kisha wakaenda pamoja kumnasua. Baba akamshika Bibi, mtoto akashika kiti.