Mpira Mweupe Uliokataa Kurudi

"Sema!"

Baunsa alikuwa ameubana mkono wa kulia wa mdogo wangu juu ya ukingo wa meza ya pool. Vidole vimetanuliwa.

Bosi wangu amesimama pembeni, fimbo ameigeuza, upande mnene uko juu.

Akanigeukia mimi. Taratiiibu...

"Fundi. Mpira huu umeubadilisha wewe?"

Mdogo wangu akaniangalia.

Nikafungua mdomo...

"Hapana bosi. Mimi nimeosha tu."

Jamani, nilidanganya! Au niseme nilidhani nadanganya. Tulieni niwaeleze, na msinitukane kabla sijamaliza. Mkimaliza kusoma mtanitukana vizuri zaidi.

Mimi ni mwanamke, ni fundi wa meza za pool. Nabadilisha vitambaa, nanyoosha miguu ya meza, naosha mipira. Watu wakisikia wanacheka. Waache wacheke, mikono yangu inajua kazi.

Ila jambo moja mlijue mapema. Mimi ni mwoga! Mwoga wa kuzaliwa. Radi ikipiga naingia chini ya kitanda na umri huu. Panya akipita mimi niko juu ya kiti.

Na katika dunia hii nzima, niliyemwogopa kuliko radi na panya ni bosi wangu, tuliyemwita Bwana Taratibu.

Hapigi kelele yule. Hatukani. Anaongea polepole mpaka unatamani akutukane tu uishe. Ana kumbi mbili za pool, na kwenye ule mkubwa alikuwa hajafungwa miaka sita.

Mpaka alipokuja mdogo wangu.

Mdogo wangu ni kinyozi. Wanamwita Wembe. Mkono wake wa kulia ndio unaonyoa, ndio unaomlisha mama yetu, ndio unaomlisha mkewe aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Na mkono huohuo ukishika fimbo ya pool, weee!

Silaha yake ilikuwa moja. Kurudisha mpira mweupe. Anaugonga chini kidogo, unampiga mwenzake, halafu unarudi nyuma mpaka pale anapoutaka. Watu wanapiga mayowe.

Mara mbili alimfunga Bwana Taratibu michezo ya kujifurahisha. Mara ya pili bosi alitabasamu.

"Jumapili saa nane mchana," akamwambia. "Mbele ya watu wote. Tucheze kweli."

Lile tabasamu lilininyima usingizi wiki mbili, wallahi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana bila hapa hamtaelewa kitu.

Mipira myeupe haifanani! Kwa macho inafanana, kwa uzito hapana.

Ukumbi mkubwa una meza za kisasa. Mpira wake mweupe una uzito sawa na mingine. Ukimgonga mwenzake sawasawa unasimama. Ukiugonga chini, unarudi.

Ukumbi mdogo una meza zile za zamani za sarafu. Mipira ikiingia shimoni inafungiwa tumboni mwa meza. Lakini mweupe ukitumbukia kwa bahati mbaya lazima urudi, mchezo uendelee. Meza inautambuaje? Kwa uzito. Kwa hiyo mweupe wa kule ni mzito kuliko wenzake. Tofauti kiganjani ni kama vijiko viwili vitatu vya sukari, mtu wa kawaida hashtuki.

Ila mezani ni balaa! Mpira mzito ukigonga haurudi. Unaendelea mbele, unamfuata yule uliyemgonga kama unamdai maelezo.

Kila Jumapili asubuhi mimi naosha mipira ya kumbi zote mbili. Kanuni ya kazi ni ndoo mbili. Nyekundu ya huku, bluu ya kule. Ndivyo alivyonifundisha fundi aliyenitangulia, na alinipiga mkwara nisije nikachanganya hata siku moja.

Jumapili ile nilitumia ndoo moja.

Uvivu tu! Nilikuwa nimechelewa, nikamimina yote pamoja, nikasugua, nikagawa. Mpira mweupe huu wa huku, huu wa kule. Hata kupima kiganjani sikupima.

Saa nane mchezo ukaanza. Ukumbi umejaa pomoni.

Pigo la tatu la mdogo wangu, akagonga chini, mpira mweupe... ukaenda mbele!

Nikaikumbuka asubuhi.

*Mungu wangu, ndoo!*

Mdogo wangu akausimamia ule mpira, akautazama. Enzi zile naanza kazi alikuwa akinisubiri kwenye ukumbi mdogo, anacheza zile meza za zamani. Ule mpira alikuwa anaujua. Akaacha kurudisha, akaanza kucheza polepole, anausukuma mbele tu.

Bosi naye alicheza vizuri. Vizuri sana. Mpaka ukabaki mpira mweusi peke yake, karibu kabisa na shimo. Zamu ya bosi.

Akagonga chini. Paa!

Mweusi ukaingia.

Mweupe ukaufuata... ukasogea... ukasogea... ukatumbukia!

Kanuni ni hiyo, ukiingiza mweusi na mweupe ukaufuata shimoni, umeshindwa. Bosi amefungwa.

Watu wakaruka. Mdogo wangu akainua mikono.

Bwana Taratibu akautoa mpira mweupe shimoni, akaurusharusha kiganjani.

"Fungeni mlango," akasema.

Kelele zikakata. Mlango ukafungwa, watu zaidi ya ishirini ndani.

"Mpira huu si wa meza hii. Wembe, umenibadilishia mpira."

"Mimi? Bosi, mimi nimekuja na fimbo yangu tu!"

Baunsa akamdaka mkono, akaubana pale ukingoni.

Hapo ndipo bosi aliponiuliza. Hapo ndipo nilipojibu nimeosha tu.

"Dada yako ndiye anayeosha mipira," bosi akamwambia mdogo wangu. "Amekusaidia?"

"Dada hana habari," mdogo wangu akajibu haraka. "Mwacheni dada'ngu."

Nyie... Alijua! Kwa jinsi alivyonitazama, alijua mimi ndiye niliyechanganya. Na akanikinga.

Mimi nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Bosi akaamuru mipira kumi na mitano ipangwe upya.

"Naingiza mmoja mmoja," akasema, anapaka chaki. "Ukisema mbele ya watu hawa kwamba umebadilisha mpira, ushindi wako unafutwa, unaondoka na mkono wako. Ukinyamaza mpaka wa kumi na tano, nauvunja. Sina haraka."

Paa! Akatawanya. Mmoja ukaingia.

"Wa kwanza."

Nikaanza kusali kwa sauti. Watu waliokuwa karibu walisikia, siwafichi.

"Wa pili."

*Sema ni wewe,* nikajiambia. *Sema tu, bosi ni mimi, nilitumia ndoo moja.*

"Wa tatu."

*Akikuvunja wewe je?* Mikono hii nina miwili tu.

"Wa nne."

"Kubali yaishe, Wembe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nikubali nini? Sijabadilisha!" Jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Nikikubali wataniuliza aliyenipa!"

Hakunitazama aliposema hivyo. Alifanya makusudi kutonitazama.

"Wa tano."

Ulimi ulikuwa umeganda. Ninyi mnaosema mngesema, hamjawahi kusimama pale.

Wa sita, bosi akainama, akagonga chini kwa nguvu. Ukaingia.

Na mpira mweupe ukarudi!

Ukarudi nyuma kama mbwa aliyeitwa jina lake, ukasimama nyuma ya wa saba.

Watu hawakuona ajabu. Wamezoea kuona mpira unarudi. Lakini mimi ni fundi...

Wa saba. Ukarudi tena. Sentimita mbili tu alizozihitaji.

Wa nane. Tena!

Nywele zikanisimama. Mpira mzito haurudi hivihivi. Unaweza kurudi, ndiyo, ila lazima uugonge chini zaidi, kwa nguvu zaidi, na ujue kiasi hasa. Mkono hauzoei kwa siku moja. Mkono unataka siku nyingi na mpira uleule.

Bosi huyu, anayedai ameukuta mpira huu leo, amezoea lini?

Hasira ilikuwa imemsahaulisha kujifanya hajui.

"Wa tisa."

Akili ikaanza kukimbia. Kama nilichanganya mimi, basi ule mwepesi uko ukumbi mdogo. Na kama uko kule, meza ya zamani haiwezi kuutambua. Ukitumbukia mara moja tu umemezwa, haurudi. Mpaka saa hizi wangeshanipigia simu mara kumi wakilalamika!

Simu yangu ilikuwa kimya tangu asubuhi.

"Wa kumi."

Si mimi...

Jamani, si mimi!

Na hapo, ndugu zangu, ndipo ulimi ulipofunguka.

"Bosi!" Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Bosi, nipige simu moja."

"Kaa kimya, Fundi."

Lakini nilikuwa nimeshabonyeza. Nikaweka spika.

Akapokea Mama Pacha, mama mtu mzima anayesimamia ukumbi mdogo. Ana sauti ya kuamsha mtaa.

"Haloo! Fundi mwanangu, mechi imeishaje huko?"

"Mama, samahani, mpira mweupe wa huko unaendeleaje? Ukitumbukia unarudi?"

"Unarudi vizuri kabisa! Tena huu wa akiba ni mzuri kuliko ule mwingine."

"Mwingine upi, mama?"

"Si ule aliokuja kuuchukua bosi mwenyewe! Wiki mbili sasa. Anasema anaufanyia mazoezi nyumbani. Au hakukwambia?"

Watu wote wakamgeukia bosi.

"Haloo? Fundi? Mbona umenyamaza mwanangu?"

Nikakata.

Bwana Taratibu alikuwa ameinama juu ya meza, anapima wa kumi na moja. Hakugonga. Alibaki ameinama vilevile.

Mzee mmoja wa kazi za bomba, aliyesimama karibu na kiti cha bosi, akalinyanyua koti la bosi lililoning'inia pale, mfuko mmoja umevimba. Akalitikisa.

Pu!

Mpira mweupe ukaanguka sakafuni, ukaviringika mpaka miguuni kwangu. Nikauokota, nikaupima kiganjani. Mwepesi. Wa kwetu.

Bosi mzima alikuwa amebadilisha mpira mwenyewe ili mdogo wangu ashindwe kurudisha! Akajifunza wiki mbili kuucheza mzito kwa siri. Kisha kwenye pigo la mwisho, presha ikapanda, mkono ukagonga kama ulivyozoea miaka sita. Akanasa kwenye mtego wake. Aibu ile akataka kuilipia kwa mkono wa mtu.

Baunsa akautazama mkono alioushika. Akauachia.

"Bosi," akasema, "mimi nimemshika mtu asiye na kosa?"

Bwana Taratibu akaweka fimbo mezani. Baunsa akaenda kufungua mlango yeye mwenyewe, na bosi akatoka bila koti, watu wakimpisha njia. Hakuna aliyemzomea. Nadhani kuzomewa kungemfaa zaidi.

Mdogo wangu wakambeba juujuu. Mimi wakanikumbatia. "Fundi una akili! Fundi shujaa!" Mwingine alinibusu mpaka kwenye paji la uso.

Nikalia. Wakadhani ni furaha.

Siku mbili baadaye nikaenda kwenye saluni ya mdogo wangu. Alikuwa peke yake, anasafisha mashine. Mkono bado una alama za vidole vya baunsa.

"Karibu dada. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kwenye kioo tukawa tunaonana bila kutazamana.

"Nimekuwa nikiwaza," akasema. "Pale mwanzo ulidhani ni wewe, eti?"

Nikajifanya sijasikia.

"Dada."

"Nilitumia ndoo moja," nikasema. "Ndiyo. Nilidhani ni mimi."

Akapuliza nywele kwenye mashine. Akaifuta. Akaiweka chini.

"Kwa hiyo ulipodhani ni wewe, ulinyamaza. Ulipojua si wewe, ukaongea."

"Mdogo wangu, niliogopa..."

"Hata mimi niliogopa dada."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nataka kujua tu. Kama mpira usingerudi, ungesema kwenye wa ngapi? Wa kumi na mbili? Wa kumi na nne?"

Nilitaka kumwambia wa kumi na nne. Nilitaka sana. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Alisubiri. Alinipa muda wa kutosha kabisa kusema uongo mzuri.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akawasha mashine, akaanza kumwandalia kiti cha pili mteja aliyekuwa anaingia.

Ndugu zangu mnaosoma, mtaandika hapo chini kwamba mimi ni shujaa. Tafadhali msiandike. Kama una kosa, au hata unadhani unalo, liseme mapema, wakati bado linakuuma wewe. Ukingoja uhakika kwamba uko salama ndipo uongee, kuna mtu wako amebanwa mkono mahali, anakutazama, na anahesabu.

Mtoto wa mdogo wangu kazaliwa mwezi uliopita. Msichana. Aliniita hospitali, nikaenda mbio, nikanyoosha mikono nimpokee.

Alinipa. Lakini mkono wake mmoja aliubakiza chini ya mtoto, muda wote nilipokuwa nimembeba.