Piza za Kibarazani

Verlyn Bratz alikuwa na friza moja tu, na ilikuwa imejaa nyama ya kulungu. Kulungu huyo alimpiga risasi mwenyewe mwezi wa Novemba. Lilikuwa dume lenye pembe pana, na Verlyn hakuchoka kulisimulia. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu kwa habari za kulungu.

Kwa hiyo piza za kugandishwa alizonunua baada ya Krismasi zilikosa nafasi. Aliziweka nje kibarazani, ndani ya sanduku la mbao. Januari huko Wisconsin, Marekani, nje ni baridi kuliko friza. Baba yake alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Ijumaa moja jioni Verlyn alikuwa akiosha vyombo. Mkewe, Marlys, alijilaza kwenye kochi sebuleni, kajifunika mablanketi. Marlys alikuwa anatibiwa saratani kwa dawa kali. Nywele zilikuwa zimekwisha kichwani. Mdomoni kila chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Supu, msumari. Mayai, msumari.

Wiki hiyo nesi alimpima uzito, akatikisa kichwa.

"Ukizidi kupungua, Jumatatu hatutaweza kukupa dawa," alisema. "Lazima ule, mama."

Tangu siku hiyo Verlyn hakupata usingizi. Aliogopa sana. Dawa ikisimama, ugonjwa hausimami. Alipika hiki, akapika kile, na sahani zikarudi jikoni vilevile.

"Verlyn?"

"Naam, mke wangu."

"Nina hamu ya piza."

Sahani nusura imponyoke. "Umesemaje?"

"Piza. Ile nyembamba, yenye soseji. Fanya haraka, hamu isije ikanitoroka."

Verlyn alitoka mbio hadi kibarazani bila hata koti. Alichukua piza ya juu. Jibini yote ilikuwa imehamia upande mmoja, na ndani ya plastiki mlikuwa na vipande vya barafu. Si kitu, alijiambia. Aliitia kwenye oveni papo hapo, oveni ikiwa bado baridi.

Piza ilitoka imeungua kingo, na katikati ilikuwa tepetepe. Alikata kipande hivyo hivyo, akampelekea mgonjwa. Marlys alikiinua.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alikuwa jirani yao Roz Kowalke, mwenye baa ya pale kona. Roz huuza piza za kugandishwa kila jioni, na habishi hodi kwa mtu yeyote. Alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Aliitazama ile plastiki mezani, imejaa maji na mabaki ya jibini. Kisha akatupa macho sebuleni.

"Marlys! Weka chini! Usile hiyo!"

Kipande kilianguka juu ya blanketi. Verlyn alipandwa na hasira.

"Una wazimu, Roz? Hajala tangu jana! Leo kaomba mwenyewe, halafu wewe unamnyang'anya mdomoni?"

"Piza hii umeitoa wapi?"

"Kibarazani. Kuna nini?"

"Juzi theluji iliyeyuka au haikuyeyuka? Si wewe paa lako lilikuwa linachuruzika maji mchana kutwa? Watu walitembea bila makoti. Piza zako zilikuwa wapi siku hiyo?"

Verlyn aliigeukia ile plastiki yenye maji mezani.

"Ziliyeyuka," Roz alisema. "Vijidudu vikazaana. Usiku baridi ikarudi, zikaganda tena. Baridi haiui vijidudu, bwana. Inavilaza tu."

"Lakini nimeioka! Moto unaua!"

"Moto unaua vijidudu. Lakini vingine huacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haitoki hata uoke mpaka kesho. Wewe utaharisha, utapona. Huyu mwili wake hauna kinga sasa hivi. Unataka Jumatatu apelekwe kwa machela?"

Verlyn alivuta kiti. Akaketi. Alikuwa karibu kumwua mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilitaka ale tu," alisema.

"Najua, ndugu yangu. Vaa koti. Duka linakaribia kufungwa."

"Nendeni basi," Marlys aliita kutoka sebuleni. "Hamu yangu nimeishika kwa meno. Ila meno yenyewe ndiyo haya."

Barabara ilikuwa na utelezi, na Verlyn aliendesha roho mkononi. Dukani alinyakua boksi la kwanza, lenye picha ya nyama za kila aina.

"Rudisha," Roz alisema. "Picha haijawahi kuwa mbaya. Bonyeza piza yenyewe. Iwe ngumu kama ubao. Boksi likiwa na madoa ya maji au limejikunja, achana nalo. Ukiona barafu nyingi ndani ya plastiki, au jibini imehamia upande mmoja, hiyo iliwahi kuyeyuka. Tazama na tarehe."

"Na utamu?"

"Tafuta nyembamba, yenye vitu vichache juu. Vitu vingi, maji mengi. Maji ndiyo yanayoulegeza mkate."

Verlyn alichagua moja ya soseji kutoka chini kabisa ya friza ya duka. Waliiweka kwenye buti la gari, mbali na hita.

Walipofika, Marlys alikuwa amefumba macho.

"Amelala," Verlyn alinong'ona. "Tumechelewa, Roz."

"Washa oveni. Tia sinia la chuma ndani, tupu."

"Hakuna muda! Acha niiweke piza ndani sasa hivi!"

Roz alisimama mbele ya oveni na nyonga zake zote. "Ukiitia kwenye baridi itatota kama ile. Subiri. Sinia lipate moto kwelikweli."

Verlyn alisubiri, akiuma vidole. Hatimaye Roz akasogea. Walitoa plastiki na kadibodi, wakaiweka piza kwenye sinia la moto. Ikalia chwaaa. Baadaye jibini ikaanza kutokota, na harufu ikaingia sebuleni.

"Nani anaoka?" sauti ndogo iliuliza.

Verlyn alimpelekea kipande. Marlys aliuma, na mkate ukalia kwa ukavu. Alitafuna polepole. Kisha akaacha, na machozi yakamlengalenga.

"Nini?" Verlyn aliuliza. "Msumari?"

Marlys alitikisa kichwa.

"Chumvi," alisema. "Verlyn, naisikia chumvi."

Akaomba kipande kingine.

Aliendelea kula Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nesi alimpima, uzito ukatosha, akamwelekeza kwenye kiti cha dawa. Verlyn alirudi kibarazani, akazitupa piza zote za kwenye sanduku. Kisha akaitoa nusu ya nyama ya kulungu kwenye friza na kuwagawia majirani. Sasa friza ina nafasi ya piza, na ndani ya sanduku lile hukaa koleo la theluji.

Fungu la mwisho, alilolipeleka Ijumaa, lilikuwa la Roz.

"Unajua, Roz, dume hili nililiona kwanza pembe—"

"Verlyn. Leo Ijumaa. Nenda kampikie mkeo piza yake."

Akaenda.