Dawa ya Nimia Hupita Puani

Kila alfajiri Eusebia hukanda wanga wa muhogo kwa jibini na mayai, na kuoka chipa, mikate midogo ya kuuza kituo cha mabasi. Binti yake Nimia, wa miaka kumi na saba, humsaidia, kisha huenda kupiga kinubi. Katika mji wao huko Paragwai, hakuna kijana anayemfikia.

Lakini Nimia alikuwa na kifafa. Kilipomshika, mama yake alimtenganisha meno kwa kijiko na kummiminia dawa. Mwezi wa Mei dawa ilimpalia, akaugua mapafu. Alipopona alisema hatapiga tena kinubi mbele za watu, asije akaanguka wakimtazama.

Jirani yao Zunilda, muuguzi, alisikia akaja. Alieleza kwamba mtu aliyeshikwa na kifafa hawezi kumeza. Sindano yataka mtaalamu. Dawa ya kutiwa njia ya haja kubwa ingelazimu binti avuliwe nguo hadharani.

"Sasa ipite wapi, masikioni?" Eusebia aliuliza kwa uchungu.

"Puani, shoga yangu. Ndani ya pua ngozi ni laini na mishipa ya damu ni mingi. Dawa inaingia kwenye damu upesi, wala mgonjwa hamezi kitu."

Wakaenda kwa daktari, naye akaandika dawa ya kunyunyiza, ya chupa ndogo, na kipimo cha Nimia. Zunilda akamfundisha Eusebia: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano kifafa hakijakoma, nyunyiza puani kama daktari alivyoagiza. Kisipokoma hata hivyo, mkimbize hospitali.

Kwa kuwa sasa mama yake alikuwa na dawa mkononi, Nimia alikubali kupiga kinubi kwenye sikukuu ya mji. Katika wimbo wa pili akaanguka. Watu wakamzunguka, na mzee mmoja akaja na kijiko.

"Kiweke chini, mzee wangu," Eusebia alisema. "Huyu namjua mimi."

Akamlaza ubavu. Macho yake hayakuiacha saa. Dakika tano zikapita, akanyunyiza. Muda si mrefu mwili wa Nimia ukatulia, akalala akipumua vizuri. Zunilda, aliyefika mbio, alimpima akaona hakuna la kuongeza.

Jioni Nimia aliamka akauliza kama watu walimcheka.

"Hawakukucheka," mama yake alijibu. "Waliuliza wimbo utamalizwa lini."

Jumapili iliyofuata Nimia aliumaliza. Eusebia alikaa safu ya mbele, kichwa juu, naye akamwonyesha ile chupa ndogo ya dawa kila aliyeuliza jinsi alivyomtibu bintiye.