Gari Lililosita Mlimani

Kila Jumamosi asubuhi, Ghislaine na baba yake waliosha gari mbele ya nyumba yao huko Sydenham, mjini Durban. Baba alishughulikia magurudumu, Ghislaine vioo, na mara nyingi walimaliza wakirushiana maji. Jumamosi hii hakuna aliyecheka. Ghislaine alisugua kioo kimoja mpaka baba akamwuliza kama alitaka kukitoboa.

"Papa, utamwambia mnunuzi kwamba linasita mlimani?"

Baba yake, Mzee Nzeyimana, alitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Likiwa baridi halisumbui. Tutazunguka huku chini kwenye tambarare, basi. Wewe utakaa nyuma, unyamaze."

Kwa majuma kadhaa, kila walipopanda kwenda Morningside, ambako mama yake alifanya kazi saluni, baba alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likajikokota kama mgonjwa. Lilikuwa gari la otomatiki, la zamani. Baba aliamini giaboksi imekufa, hata hakumwita fundi. Alitaka tu kuliuza haraka, anunue gari la mizigo kwa biashara yake ya nguo.

Mnunuzi alifika vioo havijakauka. Aliitwa Alain, kijana Mkongomani aliyeuza simu mjini na kuishi Queensburgh.

"Papa Ghislaine, habari ya asubuhi? Eh, gari iko safi!"

Alain akashika usukani, baba akakaa kando yake, Ghislaine nyuma. Gari lilikwenda bila shida. Waliposimama kwenye robot, wakingoja taa nyekundu igeuke kijani, Alain alieleza kwa nini alikuwa na haraka. Mke wake, Marie-Jeanne, alikaribia kujifungua.

"Kwetu ni milima mitupu, na usiku taxi hakuna. Uchungu ukimshika, nitampeleka hospitali mwenyewe."

Ghislaine alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto. Alikunja kitambaa cha kufutia vioo, akakikunjua, akakikunja tena. Hakuwahi kumwona Marie-Jeanne, lakini sasa alimwona waziwazi: ameshika tumbo, gizani, ndani ya gari lisilopanda.

"Mtoto, una nini? Kiti kina moto?" Alain alimcheka kupitia kioo. "Hebu niambie wewe. Gari hii inapanda milima vizuri?"

Baba alikohoa kwa nguvu.

"Hapana, Tonton Alain," Ghislaine alisema. "Ikipata moto inasita. Injini inalia, lakini gari haiendi."

Baba aligeuka, macho makali. Taa ilikuwa imeshakuwa kijani. Alain alivuka, akaegesha kando ya barabara.

"Papa Ghislaine, ni kweli?"

Baba alitazama miguu yake. "Ni kweli. Nisamehe, mdogo wangu. Nadhani giaboksi imekufa."

Alain alishuka, akalizunguka gari, akarudi. Ghislaine alidhani anaaga.

"Fundi amelitazama?"

"Bado."

"Sasa umejuaje kama giaboksi imekufa? Twende kwa Léonce."

Léonce alikuwa fundi mwenye karakana karibu na hapo. Hakushika spana. Alianza na maswali: Linasita likiwa baridi au moto? Lilianza lini? Baba alijibu bila kuficha kitu. Ghislaine akaongeza, "Na asubuhi ninaona matone mekundu chini, upande wa mbele."

"Vizuri umesema," Léonce alijibu.

Alilipandisha mlimani mpaka likasita, kisha akarudi na kuliegesha mahali tambarare, injini ikiendelea kuunguruma. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyolowa. Akanusa.

"Eish, oili imepungua sana! Lakini bado ni nyekundu, na hainuki kuungua."

Akaingia chini ya gari na tochi. Ghislaine hakuweza kungoja. Alipiga magoti akachungulia. Paipu ya mpira inayopeleka oili mbele ikapoe ilikuwa imepasuka.

Léonce alifunga paipu mpya, akajaza oili inayotakiwa, akapima tena. Wote wanne wakapanda mpaka Morningside, wakashuka, wakapanda tena. Gari halikusita hata kidogo.

"Sharp, safi kabisa!" alisema Léonce. "Mngelitembeza hivyo mwezi mwingine, giaboksi ingeungua kweli."

Alain alilinunua siku ileile jioni, akijua kila kitu. Baba na binti walirudi kwa miguu. Ghislaine alibaki nyuma kidogo, akingoja kukemewa. Baba akasimama, akamngoja.

"Leo nilikufundisha kudanganya, ukakataa," alisema. "Nilikasirika kwa sababu niliona haya. Kumbe nilikuwa naficha shida ambayo hata sikuijua vizuri. Mwanangu, shida ikisemwa wazi, watu huitafutia dawa. Ukiificha, inakwenda kumngoja mtu mwingine njiani. Siku nikikuambia tena unyamaze juu ya jambo kama hili, usinitii."

Akamshika mkono, wakaendelea kwenda nyumbani.