Redio Iliyosikia Bila Kusema

"Kizuizi, Kizuizi, hapa ni Nungu Mbili. Ova."

Kimya.

"Kizuizi, mnanipata? Ova!"

Hata mkwaruzo haukutoka. Nangiro Emuria akakanyaga breki, na ile Peugeot 404 kuukuu ikateleza mchangani kando ya barabara ya Kipsing. Mbele yake lori la Bedford lilikuwa likizidi kuyoyoma ndani ya vumbi lake lenyewe.

Chini ya magunia ya magadi, lori hilo lilibeba bunduki za kutosha kuwamaliza wafugaji wa Kipsing, wa upande huu na wa upande ule. Mwenye mzigo alikuwa Halder, mgeni aliyekuja Isiolo mwaka huo wa 1979 akijiita mnunuzi wa ngozi. Aliwaahidi silaha wote waliogombania malisho. Wakishamalizana, wakubwa zake wa ng'ambo wangeipata ardhi bila mtu wa kuwauliza. Wachochezi wa vita hawakosi akili, wanachokosa ni haya.

Dereva wa lori hilo alikuwa Roba Dabasso.

Roba hakuwa mtu wa Halder. Alikuwa jasusi wa Idara, mwenzake Nangiro tangu mafunzoni, na kwa miezi mingi alikuwa ameendesha magari ya yule mgeni akimchekea na kumwitikia. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa kinamngoja Burat chini ya Luteni Aule. Amri ya Aule ilikuwa fupi: lori lipigwe. Hakuambiwa kuhusu dereva, kwa sababu Mkuu wa Idara alishuku kwamba kambini kuna mtu wa mdomo mrefu. Kazi ya Nangiro ilikuwa kusema dakika ya mwisho, kwa redio: dereva ni wetu, msimguse.

Maneno manne tu, na redio imekufa.

Kulifukuza lori hakungefaa. Walinzi wawili wa Halder walikaa juu ya magunia. Wangeiona Peugeot ikiwafuata, na Roba angekufa wa kwanza.

Nangiro akawasha taa. Zikawaka. Basi betri ni nzima. Akashuka, akatikisa eriali. Imekaza. Akafungua kisanduku cha fyuzi, na pale akaiona, nyeusi, imeungua katikati.

Akatoa pakiti ya sigara za Sportsman, akachana karatasi yake ya ndani inayong'aa, akaizungushia fyuzi. Kila dereva wa kaskazini anaijua dawa hiyo. Fyuzi ikashika, taa ndogo ya redio ikawaka, kisha ikazima tena pap.

Fyuzi haiungui bure. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti alikoificha redio.

Mkono ukatoka umelowa. Akaunusa.

Maziwa ya ngamia, yaliyoanza kuchacha.

Hapo akakumbuka asubuhi. Alikuwa amempakia Mama Umulkheir, muuza maziwa, njiani kuja mjini. Isiolo humpiti mama wa maziwa barabarani. Jua linayaharibu, na ukimwacha umetangaza kwamba wewe ni mgeni. Na Nangiro alijifanya mnunuzi wa mbuzi, mtu wa hapa hapa.

"Walaal, ndugu yangu, weka pahali kuna kivuli," mama alikuwa amemwambia. "Jua hii itaua maziwa."

Kivuli kilikuwa chini ya kiti. Yeye mwenyewe aliusukuma mtungi pale, kando ya redio na kipaza sauti, akaona amefanya ustaarabu. Barabara ya mawe ilifanya mengine.

Akavua shati, akafuta waya, akapuliza, akafuta tena. Akafunga karatasi nyingine kwenye fyuzi.

Redio ikakohoa.

"...narudia, lori tumeliona. Ova."

Nangiro akacheka peke yake kwa furaha. Akabonyeza kipaza sauti.

"Kizuizi, dereva ni wetu! Msimguse! Mmenipata? Ova!"

"Mlima, hapa Kizuizi," Luteni Aule akawaita makao makuu kana kwamba hakuna aliyesema. "Nungu Mbili bado kimya. Tuendelee? Ova."

Alikuwa akisikia. Hakuwa akisikika.

Akakipasua kipaza sauti kwa kisu. Unga wa mkaa uliopaswa kushika sauti yake ulikuwa umelowa maziwa na kugandamana kama ugali. Kitufe tu ndicho kilichokuwa kizima. Kukibonyeza kulikata mvumo wa redio za wenzake, kukiachia kuliurudisha.

Basi akabonyeza. Fupi, ndefu, ndefu. Mafunzoni walikuwa wamefundishwa kuandika herufi zote kwa mibonyezo mifupi na mirefu, yeye na Roba, wakichapana vidole kwa kila kosa. Akaandika hewani: W, E, T, U. Akaanza tena. Jasho likamwingia machoni.

Aule hakupitia mafunzo hayo.

"Mlima, kuna mtu anachezea mitambo. Anatukata kata. Ova."

"Ni hao wa lori. Wanataka kuwaziba masikio. Msingoje wafike kizuizini. Pigeni sasa. Ova."

Kidole cha Nangiro kikaganda juu ya kitufe. Alikuwa ameomba uhai wa rafiki yake, wao wakasikia kiburi cha adui. Alilia, na haikumsaidia mtu.

Akawasha gari, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Milio ya bunduki za G3 ilimfikia kabla ya kuona moshi.

Redio ilizungumza tena akiwa njiani. "Mlima kwa wote. Halder amekamatwa mjini. Hongera. Waliokufa wazikwe hapo hapo, dereva pia. Jina la dereva lisitajwe kwa yeyote. Ova."

Lori lilikuwa limelala ubavu. Magadi yalimwagika na bunduki zikaonekana, mpya, zimepakwa grisi. Roba alikuwa mbele ya mlango wake, chali.

"Huyu alishuka mikono juu," Luteni Aule alisema polepole. "Vijana walikuwa wameshaanza." Akamtazama mtu huyu asiye na shati. "Wewe ni nani?"

"Nungu Mbili."

Luteni akampisha. Nangiro akamwinua Roba, akamlaza kiti cha nyuma.

"Kuna amri, ndugu. Umeisikia."

"Redio yangu ni mbovu, afande."

Hakuna aliyemzuia.

Mtaani Wabera, mjini Isiolo, watu walikuwa wakitoka msikitini baada ya alasiri. Peugeot ikasimama langoni. Mzee mmoja akachungulia ndani, akarudi nyuma.

"Salaam aleikum. Huyu ni wa nani, abbo? Hatuwezi kumwosha mtu hatumjui."

Nangiro, Mkristo kutoka kwa Waturkana, akasimama katikati yao kifua wazi.

"Anaitwa Roba Dabasso," akasema kwa sauti iliyofika hadi madukani. "Mume wa Kaltuma. Alikuwa wetu. Alikuwa wetu, na hakukosa chochote."

Wote walimsikia.

Wakamtoa Roba garini, wakambeba. Mmoja akakimbia kumwita Kaltuma. Nangiro akaacha ufunguo kwenye gari, akaondoka kwa miguu kabla Kaltuma hajafika.